Asiyelala Siku ya Alhamisi

Sisi ni wanawake wanne, na kila Alhamisi mchana tunakwenda kulala. Nalisema hili waziwazi kwa sababu tumesingiziwa mengi. Kuna jirani aliyemuuliza mume wa Fundi, mmoja wetu, kama mkewe amejiunga na dini mpya. Wateja wangu wa saluni wanaamini kwamba siku hiyo nafuata nywele kwa jumla, nami sijawasahihisha. Ukweli ni kwamba tunapanda ngazi za nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, tunaingia chumba kilicho juu ya misumari na makopo ya rangi, tunavua viatu, tunatandika mikeka na kulala. Tukiamka ndipo tunapochora.

Sheria ya kulala kwanza aliiweka Mkunga, mkubwa wetu, aliyestaafu wodi ya wazazi na ambaye kaka yake ndiye mwenye duka. Mwanzoni tulikuwa tukifika tunazirukia brashi kama tunaokimbizwa, na kazi zetu zilikuwa mbovu, zina haraka na hasira ndani yake. Mkunga alizitazama siku moja akatuambia, "Mkono uliochoka hauchori, unafua tu." Tangu hapo hakuna kugusa rangi kabla ya usingizi. Mwalimu, anayefundisha hesabu na kuchora majengo matupu yaliyonyooka kama yamepigwa rula, alilalamika kwamba anapotezewa muda. Wiki iliyofuata ndiye aliyetutangulia kusinzia.

Lakini habari hii ni ya Fundi, mdogo wetu.

Fundi anashona mapazia. Chumba chake cha kazi ni kile cha mbele nyumbani kwake, cherehani imeelekea dirishani, vitambaa vimefika dari, na mlangoni hakukosi mtu aliyeleta vipimo vya uongo kisha anadai dirisha limepungua. Anaongea kwa upande mmoja wa mdomo kwa sababu upande mwingine una pini. Ana mume mpole, watoto watatu na mama mkwe asiyeongea sana, jambo ambalo ni bahati. Ukimwona anavyokimbizana na kazi utadhani ni mtu asiyeogopa kitu.

Anaogopa watu waliolala. Sikulijua hilo mpaka aliponiambia mwenyewe, baada ya yote. Watoto wake wakilala anaweka kidole chini ya pua zao kusikia pumzi. Mumewe hutania kwamba alidhani anaoa fundi, kumbe kaoa nesi wa zamu. Mama mkwe akisinzia kwenye kiti, Fundi huangusha mkasi makusudi ili bibi wa watu ashtuke afumbue macho. Mtu akilala mbele yake, moyo wake unaanza kwenda mbio, na haupoi mpaka mtu huyo aamke.

Sasa mfikirie mtu wa namna hiyo kwenye chumba chetu cha Alhamisi. Alikuwa anajilaza kama sisi, anafumba macho, anasubiri. Tukishapotea wote alikuwa anainuka taratibu, anaegemea ukuta na kutuangalia vifua. Mkunga anakoroma kwa mkokoto, halafu mkoromo unakatika, na katika ule ukimya Fundi anasema alikuwa anakufa yeye. Mimi, kwa maelezo yake, sina shida, napumua kama pampu ya baiskeli. Aliyemtisha zaidi ni Mwalimu. Mwalimu analala bila sauti, kifua hakionekani kupanda wala kushuka, na inabidi umkodolee macho muda mrefu sana kabla ya kuwa na uhakika. Fundi alikuwa anatetemeka mikono, anaogopa kumwamsha na anaogopa kutomwamsha. Ndipo akachukua penseli. Aligundua kwamba mkono wenye penseli unatulia, na kwamba ukimchora mtu una sababu ya kumtazama bila kupepesa.

Tukiamka tulikuwa tunamkuta amejilaza tena, na sisi wajinga tukawa tunamsifu kwa usingizi mzito.

Maktaba ilipokubali kutupa ukumbi wake kwa maonyesho, Jumamosi moja nzima, tulishangilia kisha tukaanza kuhangaika. Kila mmoja alitakiwa aoneshe kazi zake bora. Mkunga alikuwa na milango yake, maana anachora milango, iliyofungwa na iliyoachwa wazi, kwa rangi zinazobaki dukani. Mwalimu ana majengo yake. Mimi nasuka nywele bandia kwenye waya mpaka zinakuwa ndege na wanyama, na ukicheka utacheka peke yako. Fundi alileta maua. Yalikuwa maua mazuri, yamepangika, na ungeweza kuyatundika dirishani hakuna ambaye angeuliza.

Mkunga aliyaangalia akayaweka chini. "Mficha uchi hazai," alimwambia. "Lete kitu chako."

Alhamisi iliyofuata Fundi alikuja na uso umempauka. Tulipoamka, Mwalimu aliwahi kuondoka kwenda kusahihisha mitihani, na hapo Fundi akatutolea mimi na Mkunga karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa Mkunga, meno yake ya bandia yakiwa kwenye kikombe pembeni, mashavu yameingia ndani, amekuwa mtoto mchanga mwenye mvi. Ya pili ilikuwa mimi. Sitaielezea. Mdomo wangu ulikuwa wazi kiasi kwamba ungeweza kuhesabu majino, na kwenye mto kulikuwa na alama ya udenda aliyoichora kwa uangalifu wa mtu asiye na huruma.

Nilikasirika, nisidanganye. Nilimuuliza kama ndivyo anavyolipa wema. Mkunga yeye alicheka mpaka akashika ubavu, kisha akaishika picha yake karibu na macho. Alisema amewaona wanawake wengi wamelala kwa uchovu maishani mwake na hajawahi kujua kwamba na yeye analala hivyo. Nikaitazama yangu tena. Ilikuwa mimi, hakuna ubishi, na yule mwanamke wa kwenye picha alikuwa anapumzika kweli, kuliko ninavyojua mimi kupumzika. Nikamwambia ionyeshwe, lakini udenda aufute. Hakuufuta.

Kisha Mkunga akauliza, taratibu, kama anayo na picha ya Mwalimu.

Hapa lazima nieleze. Mwalimu havui kitambaa kichwani, lakini akilala kinateleza. Chini ya kitambaa hakuna nywele, na si kwa kunyoa. Sisi wote tulikwisha kuona, Mkunga aliijua dawa inayofanya vile, na kila mara tulikuwa tunakirudisha kitambaa mahali pake kabla hajaamka. Yeye hakuwahi kutuambia, nasi hatukuwahi kumuuliza. Shuleni kwake hakuna aliyejua. Aliwahi kusema tu, kama anayezungumzia mtu mwingine, kwamba mwalimu akionekana mgonjwa anapumzishwa kwa nguvu, na mapumziko ya namna hiyo ni kaburi lenye mshahara. Na mgeni rasmi wa maonyesho yetu alikuwa mkuu wa shule yake.

"Mwalimu usimguse," Mkunga akasema.

Fundi akaapa kwamba hana picha yake yoyote. Aliapa kwa watoto wake.

Alikuwa nayo. Ndiyo iliyokuwa bora kuliko zote, na ndiyo aliyoichora kwa hofu kubwa kuliko zote. Alhamisi nyingi zimo kwenye karatasi ile moja. Alipofika nyumbani alitaka kuichana, mkono ukakataa. Basi akafanya kile ambacho fundi wa mapazia pekee angekifikiria: akachukua pazia zito la zamani lililokuwa kabatini, akafumua pindo, akaiingiza karatasi katikati ya kitambaa na bitana, akashikiza kwa nyuzi chache. Nani anachungulia ndani ya bitana?

Ijumaa mumewe alijitolea kupeleka picha ukumbini. Mume mwema ni neema, lakini mume mwema mwenye haraka ni jambo jingine. Aliogopa vioo vya fremu vitavunjika njiani, akatafuta kitu kizito cha kuvifungia, akakiona kabatini.

Jumamosi Fundi aliwahi kabla yetu. Aliniambia kwamba alipoingia ukumbini na kuziona picha zake mbili ukutani zimenyooka, alijisikia mtu kwa mara ya kwanza. Akageuka kutazama ukumbi wote. Hapo mlangoni, ndani ya sanduku la kioo ambamo maktaba hubandika matangazo, alikuwemo Mwalimu. Kichwa kitupu, kitambaa kimeshukia shingoni, shavu juu ya kiganja.

Msimamizi wa ukumbi alikuwa anapita na kamba ya kufungia viti begani, akamweleza kwa furaha kwamba ile karatasi ilidondoka kutoka kwenye pazia, akaona haina fremu, akaiweka mahali pazuri ili watu waione wakiingia. Kabla Fundi hajapata sauti, bwana yule alikuwa ameshateremka kwenda kufuata viti vya kuazima, na funguo za sanduku zikilia mfukoni mwake.

Fundi alijaribu kufuli kwa pini. Alijaribu kwa ncha ya mkasi. Alivuta mlango wa kioo mpaka ukucha ukapasuka. Chini kwenye ngazi kulianza kusikika viatu vya watu na vicheko vya wanafunzi. Akaliona lile pazia limekunjwa juu ya kiti, akalinyakua, akatoa uzi na pini kwenye mkoba wake, akalitundika mbele ya sanduku kutoka juu mpaka karibu na sakafu. Mikono ilikuwa inafanya kazi yenyewe. Ilipanga mikunjo sawasawa. Na kwa mazoea ya miaka, bila yeye kuwa na habari, iliweka na kamba ya kuvutia.

Nilipofika na ndege wangu wa nywele nilimkuta amesimama mgongo kwenye pazia, mikono ameitandaza, jasho linamtiririka. Akaniambia yote kwa sentensi tatu, pini mdomoni. Nilihisi hasira ikinipanda mpaka masikioni. Nilimkumbusha alivyoapa. Akasema anajua. Nilipomtazama usoni hasira ikanitoka na nikashikwa na hofu, maana nilielewa kwamba hakuna mwenye ufunguo na watu wameshaingia.

Na watu wakiliona pazia ukutani siku ya shughuli, tena pazia lenye kamba, wanajua maana yake. Mkuu wa shule aliingia na wanafunzi wake nyuma, wamepiga sare, akaliona, akasimama akiwa ameridhika. Akaweka tai yake sawa. Aliniuliza kwa heshima azindue sasa hivi au asubiri hotuba.

Niliropoka. Nilimwambia kwamba kuna utaratibu, kwamba mgeni rasmi anaanza na wanyama. Nikamshika mkono kabisa nikamzungusha kwa ndege wangu mmoja mmoja, namweleza huu ni msuko wa kawaida, huu ni wa mkia, hizi zilitoka kwa bibi harusi aliyeahirisha. Alikuwa ananisikiliza kwa adabu huku jicho liko kwenye kamba. Wanafunzi walikuwa wamekwisha kulizunguka pazia. Mmoja alikuwa anavuta pindo kidogo, Fundi anampiga mkono.

Hapo ndipo Mwalimu alipoingia, na Mkunga kando yake.

Mwalimu amekaa darasani miaka mingi, na anamjua mtu anayeficha kitu mgongoni. Hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja.

"Sogea," alisema.

"Dada, nakuomba usiangalie."

"Sogea, mdogo wangu."

Fundi akasogea. Mwalimu aliinua ukingo wa pazia akaingia nyuma yake, pazia likamfunika. Fundi alibaki nje kidogo, halafu akamfuata, kwa sababu, anasema, hakuweza kumwacha mule peke yake. Kwa nje tuliona jozi mbili za viatu tu. Watu walidhani ni sehemu ya shughuli, kuna waliopiga makofi.

Yaliyosemwa mle nyuma nimeyapata kwa wote wawili, na maelezo yao yanalingana.

Mwalimu akauliza, bila kugeuka, "Umenichora lini?"

"Kila Alhamisi."

"Kwa hiyo wewe hulali."

"Silali."

"Unatuchora tukiwa hatujijui. Kwa nini?"

Fundi alitaka kusema ni kwa ajili ya sanaa. Ikamtoka nyingine. Akamweleza kwamba alipokuwa msichana mdogo mama yake aliumwa, na mchana mmoja watu wazima waliokuwa wakimuuguza walichoka, wakamwambia yeye akae naye, amwangalie, wapumzike kidogo. Palikuwa na joto na ukimya. Alijilaza pembeni ya mama yake, akasinzia. Alipoamka aliukuta mkono wa mama umepoa ndani ya wake. Hakuna aliyemlaumu. Walimwambia mama ameondoka kwa amani, na yeye tangu siku hiyo hajaweza kulala mahali ambapo mtu mwingine amelala kabla ya kuhakikisha kwamba anapumua.

"Wewe pumzi yako haionekani," alimwambia Mwalimu, akilia. "Nilikuwa naogopa nikitazama pembeni tu utakuwa umeondoka."

Mwalimu alikigusa kioo pale penye shavu lake.

"Nyumbani silali," alisema. "Naishi peke yangu, unajua. Nikifumba macho nawaza nisipoamka nani atajua. Nakaa kitandani nasahihisha madaftari mpaka kunakucha. Kule juu ya duka ndiko ninakolala." Akapumua. "Nilikuwa nasikia penseli usingizi ukianza kunichukua, ila sikujua ni ya nani. Kila Alhamisi. Nikiisikia inakwaruza najua kuna mtu yuko macho, basi najiachia."

Fundi alijifuta machozi kwa ukingo wa pazia.

"Lakini kichwa changu ni changu," Mwalimu akaendelea, na sauti ilikuwa ya darasani sasa. "Ungeniuliza. Ningekukatalia, lakini ungeniuliza."

Akatoka nyuma ya pazia na kitambaa chake kimekaa sawa. Alimwendea mkuu wa shule akamwambia kwamba anaomba radhi, kazi hii haijakamilika na leo haizinduliwi. Hakueleza zaidi. Nimeona watu wakibishana na askari, sijaona wa kubishana na mwalimu wa hesabu. Mkuu aliondoa macho kwenye kamba, akaenda kuyatazama majengo.

Msimamizi aliporudi na viti na funguo, Mwalimu mwenyewe ndiye aliyefungua kioo. Alikunja karatasi ile, akaitia kwenye mkoba wake, akashuka ngazi bila kumuaga yeyote.

Maonyesho yalikwenda vizuri, kwa wanaotaka kujua. Watu walicheka mbele ya picha yangu kama nilivyotarajia. Mama mmoja alisimama mbele ya Mkunga asiye na meno mpaka nikampelekea kiti. Wanawake walimfuata Fundi kumuuliza tunakutana wapi na kama kuna nafasi ya mkeka. Yeye alikuwa anaitikia tu. Hakusikia hata neno moja, maana kichwani mwake kulikuwa na jambo moja, kwamba amempokonya mgonjwa mahali pekee anapolala.

Siku zilizofuata alikuwa mtu wa kutisha. Alimshonea mteja mapazia ya sebule nzima maua yakiwa yameangalia chini. Alimeza pini, au alidhani amemeza, tukaitafuta mpaka tukaikuta kwenye kola yake. Aliniambia kwamba Mwalimu asipokuja Alhamisi na yeye hatakuja tena, na Mwalimu akifa huko nyumbani peke yake, dhambi ni yake yeye Fundi. Nilimwambia aache kujitabiria mabaya. Sikuwa na uhakika zaidi yake.

Alhamisi ilifika. Mimi na Mkunga tulitandika mikeka minne kama kawaida. Fundi alikaa mlangoni na viatu vyake miguuni, tayari kuondoka. Muda ulipita. Hatukulala. Tulikuwa tunasikiliza ngazi.

Mwalimu alikuja amechelewa, anahema kwa kupanda. Alivua viatu. Tulimngoja ajilaze, lakini alikwenda ukutani, mahali pale pa Fundi, akakaa akanyoosha miguu.

"Leo unalala wewe," alisema.

Fundi alijibu kwamba hana usingizi.

"Sijakuuliza kama unao. Vua viatu."

Alivua. Alijilaza kwenye mkeka ulio karibu na Mwalimu, amekakamaa, vidole vimeshika ukingo kama mtu aliye juu ya paa. Macho yake hayakutoka kwenye kifua cha Mwalimu. Tuliona anavyoogopa, na ilikuwa hofu ya kitoto, haina aibu.

"Na nikilala," alisema, "ukazidiwa?"

"Nikizidiwa nitakuamsha. Siondoki bila kukuaga."

Fundi aligeuza uso upande wa ukuta na mabega yake yakawa yanatikisika. Mwalimu alimwekea mkono mgongoni, akauacha hapo. Mtikisiko ulipungua taratibu. Vidole vikaachia mkeka kimoja baada ya kingine. Mkunga, aliyezalisha mji huu nusu, alikuwa anamtazama akiwa ameshika mdomo, na mimi sikuthubutu hata kukohoa.

Alilala mpaka jua likahama dirishani. Kisha akashtuka, akaketi kwa ghafla, macho makubwa, mkono unapapasa pembeni yake kabla hata hajatuona.

Mwalimu alikuwa palepale.

"Umekoroma," alimwambia.